Askari Watatu Ng'ambo ya Mtaro na Muhuri Wetu Mmoja

Kware, Nairobi
Alhamisi, 12 Septemba 1996

Ndugu Mhariri wa Ukurasa wa Barua,

Kabla hujasoma sentensi ya pili, naomba ufunge mlango. Kama meza yako iko ukumbini na haina mlango, igeuze karatasi hii ili jirani yako asiione. Yote yaliyomo ni siri, pamoja na tarehe. Najua kazi ya ukurasa wako ni kuchapisha barua, nami nataka hii ichapishwe, ila ichapishwe kwa siri: pale chini kabisa, kando ya matangazo ya vyerehani. Mwenyekiti wetu hafiki hapo. Yeye huanza gazeti nyuma, kwenye mpira, na husinzia kabla ya kufika katikati.

Mimi ni karani kijana katika kiwanda kimoja cha misumari. Nilimaliza kidato cha nne, nikafaulu, nikasomea ukarani mwaka mzima. Naishi na dada yangu Ayuma, fundi wa kushona, katika chumba kimoja cha ploti ya ghorofa mbili huku Kware. Kwa sababu ya elimu hiyo wapangaji walinichagua kuwa katibu wa chama chao. Sikuomba. Jumapili hii, baada ya ibada, tutakuwa na mkutano, na yeyote atakayethibitika kuwa ndiye aliyeidhinisha askari wetu kupelekwa nje ya mipaka atahama siku hiyo hiyo. Ayuma ana majoho ishirini na manne ya kwaya ambayo hayajapigwa pindo, na hana pengine pa kuweka cherehani. Ndiyo maana naandika saa hii ya chakula cha mchana badala ya kula.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Sisi ni ploti isiyoegemea upande wowote. Chama kina askari watatu: Shiundu, Munyoki na Abukar. Silaha zao ni marungu matatu, filimbi mbili na tochi. Baridi ya Julai mwaka jana ilipowazidi, Ayuma aliwapatia makoti matatu kutoka robota moja la mitumba Gikomba. Ni makoti marefu, ya rangi ya majivu, yenye vifungo vya chuma. Nilisoma kitambaa kilichoshonewa ndani ya ukosi nikaona yalikuwa ya jeshi la Uswisi. Nikaeleza mkutanoni, kama tulivyofundishwa shuleni, kwamba Uswisi ina jeshi lakini haiingilii vita vya watu. Mwenyekiti wetu, Mzee Andati, dereva mstaafu wa lori, akasimama na kusema, "Basi hatuwezi kuvaa koti la mtu halafu tuvunje desturi yake." Tulipiga kura. Kaya thelathini na nane ziliunga mkono, moja ikapinga. Aliyepinga ni Mama Lenah wa chumba cha kwanza, aliyeuliza, "Na mwizi akija, tumwambie sisi ni Waswisi?" Swali lake liliandikwa kwenye kumbukumbu, na likajibiwa kwamba litajibiwa.

2. Ng'ambo ya mtaro unaopakana na ploti yetu kuna ploti mbili, ya Kabiru na ya Mama Norah. Katikati yao kuna mfereji mmoja wa maji, yaani bomba la kuchotea, na kila upande unadai ni wake. Tangu Pasaka wamekuwa wakikatana mipira ya maji, wakimwagiana mitungi na kufungiana kufuli juu ya kufuli. Nilipohesabu mara ya mwisho zilikuwa tano. Sisi, kwa kutoegemea upande, tulichota kwa yeyote ambaye kufuli yake ilikuwa imefunguliwa. Hakuna aliyetugusa. Nataka wasomaji wako wayaone matunda ya msimamo huo: maji tulipata, maoni hatukutoa.

3. Katiba ya chama niliiandika mimi. Kifungu cha sita kinasema: "Askari hawatavuka mtaro ila kwa idhini ya ..........." Nukta hizo ni zangu. Tulibishana Jumapili tatu juu ya nani awekwe hapo. Mzee Andati alitaka awe mwenyekiti, maana vita, alisema, havingoji akidi itimie. Mama Lenah alitaka wawe mama na wake za askari. Alimwelekezea mwiko na kumuuliza, "Shiundu aking'olewa meno, ni wewe, Mzee, utamtafunia?" Mzee Kyule, mchongaji wa vinyago, alisema idhini itolewe na mwenye makoti, yaani chama kizima, nyumba kwa nyumba, na nyumba itakayokutwa imefungwa ihesabiwe imekataa. Shiundu aliinua mkono akauliza kama askari wenyewe wanaweza kuulizwa. Akaambiwa askari haingii siasa. Kisha mvua ikanyesha, watu wakakimbilia nguo zao, nami nikaziacha nukta. Niliziacha kwa nia njema. Nilihakikisha zina nafasi ya kutosha jina la mtu yeyote.

4. Jumapili ya kwanza ya mwezi huu Mzee Andati aliweka mbele yangu karatasi iliyosema: "Pendekezo la kupeleka askari ng'ambo kulinda amani mferejini. Lijadiliwe." Nilifanya kama ninavyofanya kazini. Kiwandani kila karatasi inayotua mezani kwangu naipiga muhuri wa IMEPOKELEWA kabla ya kuisoma, maana karatasi isiyo na muhuri ikipotea, ni mimi niliyeipoteza. Lakini chama chetu kina muhuri mmoja tu. Tulimwagiza Mzee Kyule achonge miwili kwa mti, mmoja wa IMEPOKELEWA na mwingine wa IMEKUBALIWA. Alianza na IMEKUBALIWA kwa sababu, alisema, hilo ndilo neno la furaha. Kabla hajaanza wa pili alipata oda ya twiga arobaini wa kuuziwa watalii, na leo yuko kwenye twiga wa ishirini na sita. Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, kila kinachopokelewa na chama chetu huwa kimekubaliwa. Tumekubali ilani ya mwenye ploti kwamba hakuna ruhusa ya kufuga kuku. Tumekubali barua ya Mama Lenah ya kuomba kufuga kuku. Hakuna aliyelalamika kwa kuwa hakuna aliyesoma. Safari hii Mzee Andati alisoma. Wino ulikuwa haujakauka askari wakavuka mtaro wakiwa wamevaa makoti, kwenye jua la saa saba.

5. Walipiga kambi upande wa Kabiru, kwa sababu kuna kivuli. Mama Norah akatuma ujumbe kwamba tumeegemea upande. Niliitwa kutoa ushauri, nami nikashauri, jambo ninalolijutia, kwamba jeshi ligawanywe sawasawa. Askari watatu hawagawanyiki kwa mbili. Tulimpeleka Abukar kwa Mama Norah akiwa na marungu mawili, ili rungu la ziada lifidie upungufu wa watu. Shiundu na Munyoki wakabaki na rungu moja, wanalishika kwa zamu. Kwa Kabiru wakanung'unika kuhusu silaha, kwa Mama Norah wakanung'unika kuhusu idadi. Amri waliyopewa ni kumpigia filimbi yeyote atakayeukaribia mfereji, na kila upande una filimbi moja. Sasa jeshi letu linajipigia filimbi lenyewe kutwa nzima, na hakuna anayechota tone, hata sisi wenye jeshi.

Nilimwandikia Munyoki arudi. Alijibu nyuma ya mfuko wa unga: "Niaje karani. Huku ni poa, tunalishwa chapo kila siku, mpaka Shiundu amenona. Kurudi nitarudi, lakini kurudi pia ni kuvuka mtaro. Nani ameidhinisha? Leta karatasi iko na muhuri." Nilikaa na karatasi hiyo magotini jioni nzima. Nikiipiga muhuri, nitakuwa nimekiri kwamba muhuri ndio unaoidhinisha, na muhuri unalala kwenye droo yangu. Nisipoipiga, askari wetu watazeekea kwa Kabiru. Niliitia kwenye droo, nikafunga.

6. Jumanne mchana, watu wakiwa kazini, geti letu liliibwa. Sisemi vitu vilivyokuwa nyuma ya geti. Nasema geti. Mama Lenah aliwaona wanaume wanne wamelibeba akadhani linapelekwa kuchomelewa bawaba. Aliwaambia wapite polepole wasije wakaangusha mashuka aliyoanika, wakamshukuru. Hata angeshtuka, angepiga nini? Filimbi zote mbili zilikuwa ng'ambo zikilinda amani ya wengine.

Jioni hiyo ndipo lilipoanza la nani-aliruhusu. Mzee Andati aliinua ile karatasi juu wote waione, akasema, "Mimi nilipendekeza tu. Someni wenyewe, imekubaliwa." Watu wakageuka kuniangalia mimi. Tangu hapo nikipita uani nasikia mazungumzo yakikatika. Mama Lenah ameniambia kupitia dirishani, "Karani, funga virago mapema. Bahati yako, hata geti la kukuzuia kutoka hakuna." Ayuma hanigombezi, na hilo ndilo linaloniumiza. Anashona. Jana tu, bila kuinua macho kutoka kwenye joho la kumi na tano, alisema, "Wandera, ulishinda mtihani wa taifa zima, ukashindwa na muhuri wa mti. Sasa majoho haya nitayapigia pindo nikiwa nimekaa wapi?"

Kwa hayo yote, naomba gazeti lako litamke wazi kwamba jeshi lolote, liwe na askari watatu au elfu tatu, lisivuke mpaka wake ila kwa kura ya watu wote, mchana, wakiwa wamekaa, mama za askari wakiwa mstari wa mbele na askari wenyewe wakiwa wameulizwa. Na kwamba mtu mmoja, kifaa kimoja, au mtu mmoja mwenye kifaa kimoja, asihesabiwe kuwa ameidhinisha chochote. Redioni nasikia askari wanapelekwa nchi za mbali kulinda amani. Sijui karatasi zao hupigwa muhuri na nani, lakini namhurumia sana karani huyo. Na kama kuna nchi ambayo katiba yake ina nukta kama zangu, iambiwe izijaze kabla mvua haijanyesha. Kutoegemea upande si woga. Mimi ni mwoga, na nakuhakikishia hivyo ni vitu viwili tofauti.

Unisalimie wote hapo kazini: wanaopanga kurasa, wanaosahihisha, na yule anayeleta chai. Usiwaambie salamu zimetoka wapi.

Wako asiyeegemea upande wowote, wa kwako wala wa mwingine,

Asiyetaka Kujulikana
Katibu, Chama cha Wapangaji

Nyongeza: Nilikuwa nimekwisha kulamba stempu Shiundu alipofika kwenye lango la kiwanda, akihema. Geti limeonekana. Limefungwa langoni kwa Mama Norah, limepakwa rangi nyekundu, lakini bado lina bonyeo pale Mzee Andati alipoligonga na lori zamani. Abukar amelilinda siku mbili bila kulitambua, kwa kuwa amri yake ilikuwa kuangalia mfereji tu. Mzee Andati anasema geti likirudi kabla ya Jumapili hakuna mkutano, na hakuna wa kuhama. Nikauliza nani ataidhinisha kulifuata. Mzee ametuma neno kwamba yeye hupendekeza tu. Kaya thelathini na tisa ziko kazini, na nyingi zingekutwa zimefungwa, yaani zimekataa. Kwa hiyo nimeidhinisha mwenyewe, hapa langoni, karatasi ikiwa juu ya goti. Muhuri ulikuwa mfukoni. Tangu Jumanne siuachi nyumbani. Mzee Andati, Mzee Kyule na patasi yake, na Mama Lenah na mwiko wake, wavuke mtaro leo saa kumi na moja, wajiunge na askari wote watatu, na wote warudi na geti. Safari hii niliisoma karatasi kabla ya kuipiga, tena mara mbili. Munyoki atakuja akimaliza kula.

Kwa hiyo usichapishe kifungu cha kwanza hadi cha sita, wala maombi yaliyofuata. Lakini nimeona sasa hivi kwamba barua hii yenyewe niliipiga muhuri pale juu, kwa mazoea, na unaona ulivyoandikwa. Sijui tufanyeje.

Ukitaka kunipata, usiandike kwa anwani ya ploti. Jumamosi asubuhi nenda Gikomba, kwenye marobota ya makoti, umtafute Ayuma, mwanamke mwenye futi ya kupimia shingoni na majoho ya kwaya begani. Usitaje gazeti. Mwambie unataka koti lipunguzwe mikono, naye atakuelekeza. Ukifika kwetu ukakuta pengo pale geti lilipokuwa, usiingie. Vuka mtaro, ufuate filimbi. Shiundu ameniazima koti lake, anasema yeye anaona joto. Mimi ndiye yule mfupi ambaye koti linaburuta chini. Lakini ukikuta geti limesimama, jekundu, lina bonyeo, basi bisha na ungoje nje. Nitakuja mwenyewe kukufungulia, nikishakuuliza nani amekuidhinisha kuvuka.