Siku Talal Alipokitikisa Kikombe Qurum

Njooni, enyi mama wenye wana wa kiume, kaeni kitako mtege masikio, msimuliwe habari kubwa iliyotukia Qurum, mtaa wa Muscat, mbele ya kikombe cha kahawa, mpate kujihadhari.

Talal bin Amur, simba wa masomo, alirudi kutoka Marekani na shahada, na pamoja nayo maradhi: ulimi wa watangazaji wa besiboli, ule mchezo wao wa gongo na mpira. Mamake akiteleza jikoni, yeye hutangaza, "Mama anayumba, anapepesuka, ameshika meza, yu hai!" Nzi akikoswa na kandambili, husema, "Ameupiga upepo kofi, na upepo haujambo!" Bi Mahfoudha, mamake, jasiri wa kupika na mwoga wa mengine yote, alimkemea sana. Kisha, kwa kuwa mama hamwachi mwanawe peke yake na televisheni, akakaa naye kutazama. Hapo ndipo hatari ilipoingia. Angalieni.

Ikafika siku ya kwenda kumposa Wijdan binti Thabit. Garini Mahfoudha akamwapisha.

"Mwanangu, nnakusihi. Kule si uwanjani. Ukitangaza hata kokwa ya tende, mke huna."

"Nshafunga mdomo, mama."

Akaufunga kweli, akakaa majlisi, chumba cha wageni wanaume, kama mnara. Musallam, kakake Wijdan, akasimama na dele la kahawa, akammiminia. Talal akanywa, akanyoosha kikombe. Musallam akamimina. Akanywa, akanyoosha. Ole wake! Ugeni ulikuwa umemfutia kichwani jambo alijualo kila mtoto wa Muscat: mgeni aliyetosheka hukitikisa kikombe, na asiyetikisa huongezwa mpaka dele likauke. Jasho likamtiririka shujaa, na kahawa haikukoma.

"Shemeji kaja na kiu ya jangwa zima," akasema Musallam. Mzee Thabit, baba wa binti, akakunja uso.

Kutoka chumba cha wanawake, mlango ukiwa wazi kidogo, Mahfoudha aliona yote. Kusema hawezi. Akawakumbuka makocha wa besiboli wa kwenye televisheni, wasemao na wachezaji kwa vidole: akagusa pua, akavuta sikio, akapangusa mkono, kisha akatikisa kiganja.

"Umeingiwa na nini, shoga?" akauliza mama wa Wijdan.

"Mbu, shoga."

Talal akaiona ishara. Ukainuka mkono ule uliopokea shahada, ukakitikisa kikombe! Musallam akarudi nyuma na dele lake kama jeshi lililovunjwa.

Na hapo sauti ikaipasua nyumba: "Kimetikiswaaa! Dele linakimbia! Kijana kafika nyumbani salama, zimeni taa, mchezo umekwisha!"

Haikuwa sauti ya Talal.

Mahfoudha akajiziba mdomo kwa ncha ya mtandio, naye ana hakika kuwa amempotezea mwanawe mke kwa ulimi wake mwenyewe.

Mzee Thabit akaweka kikombe chini. "Kijana ana adabu," akanena kwa uzito wa kadhi, "na anajua kunyamaza. Nnampa. Ila siku ya harusi, mamake akae mbali na kipaza sauti."

Ndivyo kikombe kilivyotikiswa Qurum, na mke akapatikana. Litieni hilo katika tarehe zenu. Na wanenu wakiwasha besiboli, nyinyi nendeni jikoni.