Malalamiko Dhidi ya Vijidudu Unavyovilea Maabara

Milepa,
Sumbawanga Vijijini.

Kwako Kaka Wilibrodi, Mlezi wa Vijidudu,
Maabara, Sumbawanga Mjini.

Shikamoo kaka. Nisamehe kwa kuchelewa kukuandikia. Tangu UTI imrudie mwanangu Sharon hatulali, na kila nikishika kalamu nasinzia nayo.

Majibu ya mkojo wake nimeyapata, na maelezo yako nimeyaelewa: vijidudu vina kimeng'enya, kama mkasi, kinachokatakata dawa. Sasa, kwa kuwa ni wewe unayeviotesha kwenye visahani, ukavipa chakula na joto, kwangu wewe ndiye mzazi wao. Mtoto akikosa huitwa mzazi. Nalalamika hivi:

1. Vinapendelewa. Unasema kijidudu kikizaliana kinanakili maelezo yake ya urithi, na mara mojamoja kinakosea herufi. Makosa mengi ni hasara tupu, ila moja likigeuza umbo la mkasi, basi uliokuwa ukikata dawa ya zamani unakata na mpya. Abeli wangu akikosea herufi ubaoni anachekwa darasa zima. Kijidudu kikikosea kinapanda cheo! Haki iko wapi?

2. Havina shukrani. Dawa ya kwanza hatukuitumia kwa ukali. Siku ya pili, Sharon alipoanza kucheka, mama mkwe alisema katika nyumba hii hali mtu peke yake, akagawa vidonge vilivyobaki kama anavyogawa makande: babu kwa mgongo, wifi Valeria kwa jino, na kimoja akasagiwa kuku aliyekuwa anazubaa. Vijidudu vya Sharon vikaguswa kidogo tu, kwa heshima. Vilivyo dhaifu vikafa, vyenye mkasi vikabaki na nafasi yote, vikajaza ukoo. Hata asante hakuna.

3. Vinaiga. Eti kijidudu kinaweza kumpa mwenzake maelezo ya mkasi huo, hata asiye wa ukoo wake. Kaka, kugawana ni desturi yetu Wafipa. Nani aliviruhusu?

4. Kwa hiyo viitishie kikao, virudishe mikasi yote mbele ya mashahidi. Vikikaidi, vihamishe kata. Usivipeleke Kaoze, Winifrida wetu ameolewa huko.

Chukua hatua mapema. Mtoto akienda kukojoa analia, kaka, na kilio hicho hakina utani.

Wasalimie wote hapo kwako, shemeji na watoto, isipokuwa waliomo kwenye visahani.

Ni mimi mdogo wako mlalamikaji,
Agnesi.

Nyongeza: Kikao kiache. Nimemsomea mama mkwe barua hii, akacheka mpaka akajifuta machozi, kisha akaniuliza, "Sasa mwanangu, hivyo vijidudu si tumevisomesha wenyewe?" Basi tuma haya tu: ile dawa aliyoandika daktari, ambayo majibu yanasema bado inaviua, dozi kamili ya Sharon; kisanduku chenye kufuli; ufunguo mmoja, nikabidhiwe mimi mkononi; na pakiti kubwa ya peremende, mama mkwe apate cha kugawa.