Gemu Tano Ambazo Sijawahi Kucheza

Jumatatu, 8 Desemba
Habari kubwa! Naeku, mwenye duka la gemu hapa nyuma ya soko la Kitengela, amebandika tangazo mlangoni. Kila mteja alete orodha ya gemu tano alizozipenda zaidi mwaka huu. Zitasomwa Jumamosi mbele ya watu. Orodha bora itachorwa ukutani kwa rangi, na jina la mwenyewe juu yake, ikae mwaka mzima. Mimi Ouma, ukutani! Nimekaa mtaa huu miaka mitatu na mama mboga bado ananiita "wewe wa ghorofa ya pili."

Nimeandika yangu kabla chai haijapoa. Nambari moja: gemu ya kufuga kuku. Nimeicheza kila siku tangu Februari. Niko na kuku mia mbili na kumi, na kila mmoja nimempa jina.

Nimeisoma tena. Nimeichana. Mwanaume wa miaka thelathini na sita hawezi kuingia ukutani na kuku.

Jumanne, 9 Desemba
Utafiti. Nimesoma kwa simu wataalamu wanasifu nini. Nimechagua tano ngumu kabisa. Ya kwanza ni ya shujaa kipofu anayepanda mnara akipigana na mizimu. Sijaicheza. Hata zile nne zingine sijazicheza. Lakini nimekariri maneno: "upweke," "uzito wa kisanaa," "falsafa ya maumivu." Akoth, mke wangu, amenisikia nikifanya mazoezi bafuni. Ameuliza kupitia mlango ninaumwa wapi.

Alhamisi, 11 Desemba
Mpinzani! Meitamei, mfugaji wa huko Isinya. Akija mjini kununua dawa ya mifugo lazima apitie kwa Naeku, acheze na gambuti zake miguuni. Nimemsalimia kwa Kimaasai, "Sopa," ili ajue mimi ni mwenyeji. Akaendelea na Kimaasai kirefu sana. Nikaitikia kwa kichwa mara nne. Alipoenda, Naeku akanieleza kwamba nimekubali kumsaidia kuogesha ng'ombe kesho.

Sawa. Nitatumia nafasi hiyo kuipeleleza orodha yake.

Ijumaa, 12 Desemba
Niliomba ruhusa kazini. Ng'ombe wa kwanza alinipiga teke, nikaketi kwenye dawa ya kupe. Meitamei alinivuta kwa mkono mmoja, hakucheka. Nikamuuliza, kama mzaha, orodha yake iko wapi. Akasema iko kichwani.

Boma lake ni kubwa, ng'ombe ni kumi na mmoja tu. Nikauliza wengine wako wapi. Akasema waliisha kwenye ukame, akanipa chai.

Nimefurahi. Mtu mwenye shida kama hizo hawezi kuwa na ladha ya gemu. Sasa kupe hawanisogelei. Akoth pia.

Jumamosi, 13 Desemba
Niliomba niwe wa kwanza. Nikasoma kwa sauti nzito. "Upweke" ilipigiwa makofi! Halafu Naeku akasema ana bahati, gemu hiyo ya mnara anayo, niwaonyeshe kidogo kwenye skrini kubwa. Nikasema kifundo cha mkono kinauma. Akasema kidogo tu.

Nilikufa mara saba mlangoni. Hapakuwa na adui. Ni mlango tu.

Kisha akasimama Meitamei. Nambari moja yake: gemu ya kufuga ng'ombe. Watu wakacheka, mfugaji na ng'ombe tena! Akangoja wanyamaze.

"Ule ukame ulinimalizia ng'ombe mia moja na ishirini," akasema. "Huku ndani ya gemu mvua inanyesha. Nilianza na wawili. Sasa wako mia moja na ishirini, na nimewapa majina ya wale wangu."

Naeku alijifuta macho na kitambaa cha kupangusa skrini. Nilitaka kusimama niseme mimi pia niko na kuku wenye majina. Nilifungua mdomo. Nikaomba maji.

Jumapili, 14 Desemba
Jina la Meitamei liko ukutani, na ng'ombe mwekundu kando yake. Tukitoka kanisani Akoth aliuliza kwa nini sikusema tu kuku, ilhali mwezi wa tano aliniona nikilia mwewe alipomchukua mmoja. Nikamwambia haelewi sanaa.

Jumatatu, 15 Desemba
Nimelala nikifikiria, na nimeelewa kosa langu. Kinachoshinda ni huzuni! Mwaka ujao nitaleta huzuni. Kuku hapana, watu watasema nimeiga. Itakuwa gemu ya mpira, kwa heshima ya kaka yangu Okoth, aliyevunjika goti akichezea timu ya kijijini.

Nimempigia simu huko Siaya kuthibitisha. Amefurahi sana kuulizwa. Goti limepona kabisa, hata jana alicheza dakika zote tisini na kufunga bao.

Nikampongeza. Halafu nikamuuliza, kwa upole tu, kama uwanja wao bado una yale mashimo.