Meza Iliyosingiziwa

Taarifa alianza habari hata kabla hajakaa. Hilo ni jina tulilompa sisi; ni mlinzi wa ghala, na kila asubuhi akitoka zamu hupitia kwenye benchi langu la kahawa, nje ya duka la kutoa kopi. Simu yake haitoki mkononi hata akiwa anapuliza kikombe.

"Sikilizeni hii. Kampuni moja ya laptop imeomba radhi. Programu yao imewaambia maelfu ya watu kwamba betri zao zimechakaa, kumbe ziko nzima."

Bisibisi akapiga paja. Huyu ndiye fundi wa laptop, kibanda chake kiko hatua kumi kutoka hapa, na jina lenyewe mnaona lilikotoka.

"Nimesema miaka mingapi? Lile onyo la betri ni muuza betri aliyejificha ndani ya mashine. Akiona mwezi umeisha anachungulia, 'Mama, badilisha. Baba, badilisha.' Halafu nyie mnatetemeka."

"Si maonyo yote," Taarifa akasema.

"Yote. Wewe unaamini kila kilichoandikwa. Ukiandikiwa kwenye simu kwamba umekufa utaanza kujitafutia sanda."

Breki akacheka mpaka kahawa ikamtoka puani. Breki ni dereva wa teksi. Teksi yake huegeshwa mbele yetu, na hupata abiria wachache kuliko maneno anayosema kwa siku.

"Fundi, umeniwahi," akasema. "Mimi taa ya injini imewaka tangu mke wangu ana mimba ya kitinda mimba. Leo kitinda mimba yuko darasa la tatu, na gari linakata njia kama kawaida."

"Na ile taa ukaifanyaje?"

"Nikaibandika selotepu nyeusi. Ilikuwa inaniumiza macho."

"Kwa hiyo ulitibu macho," Taarifa akasema.

"Ile taa ni mzaha wa kiwanda, ndugu yangu. Wanataka nirudi kwao kila wiki."

Walikuwa bado wanamcheka Taarifa kwa woga wake, Karani akatoka dukani na laptop yake kifuani. Tunamwita Karani, ingawa ukarani wenyewe ndio kwanza anautafuta. Anachapia watu barua na maombi kwenye duka la kopi, na dukani hakuna nafasi ya kukaa, kwa hiyo wiki hizi mbili amekuwa akijifunzia mtihani wake kwenye meza yangu, waya wa chaji umepitishwa dirishani. Nilishafahamu namna anavyoonekana akiwa hajalala. Nikammiminia kahawa bila kuulizwa.

"Shikamoo Bibi. Shikamooni."

"Marahaba, mwanangu. Ni leo?"

"Ni leo, saa nane."

Nieleze kidogo. Mahakama inatafuta makarani wa kuchapa. Unaingia ukumbini na mashine yako mwenyewe, unasikilizishwa kesi, unachapa kila neno kwa saa mbili. Chaja haziruhusiwi, kwa sababu ukumbi una soketi mbili na watu sitini. Mwaka jana Karani aliukosa mtihani huo kwa maneno manne. Maneno manne tu, na mwaka mzima umepita akiwachapia wenzake barua za kuombea kazi.

"Kaka Bisibisi," akasema, akiiweka laptop mezani, "nina swali moja, na naomba unijibu bila utani. Ile betri itanifikisha saa mbili?"

"Inaonyesha asilimia ngapi?"

"Mia. Lakini haijawahi kutoka kwenye soketi. Na wiki mbili zilizopita lilikuja lile onyo jekundu."

"Na mimi nikalizima."

"Ndiyo. Ulilizima."

"Basi kuna nini tena?" Bisibisi akawageukia wenzake, mikono imepanuka. "Mnaona kazi ya haya maonyo? Mtu ana asilimia mia, bado anakosa usingizi. Mashine haiumwi, ni mwenye mashine anatishwa."

"Kulizima onyo si kutengeneza betri," Taarifa akasema.

"Fundi hapa ni nani? Lete cheti chako tukione. Cha kulinda magunia."

Taarifa akapuliza kikombe. Mimi nikamwongezea kahawa kidogo, maana alikuwa amesema sawa na alisema kwa upole.

Breki ndiye aliyeleta hoja ya majaribio. Akasema saa ndiyo kwanza nne, waichomoe kwenye umeme, Karani achape, waone. Akimaliza chaji, kuna muda wa kuijaza tena. Hata mimi niliona hilo lina akili. Waya ukachomolewa. Laptop ikaandika kwamba ina saa tatu na dakika kumi.

"Tatu," Bisibisi akasema. "Yeye anataka mbili. Bibi, ziada yake mwekee kwenye chupa."

"Sasa hiyo unaiamini?" Taarifa akauliza. "Hayo si maandishi ya programu ile ile?"

"Hayo ni habari njema. Habari njema haziuzi betri."

Taarifa akafungua gazeti lake la simuni, akaanza kumsomea Karani kwa mwendo wa hakimu mwenye haraka, naye akawa anachapa. Breki alisogeza kiti chake upande wa jua ili kivuli chake kimwangukie Karani asione mng'ao kwenye kioo.  Ana mdomo mchafu Breki, lakini matendo yake mengine ni ya mtu mwingine kabisa.

Vidole vya binti yule vilikuwa vinakwenda kama mvua kwenye bati. Shida ikawa ni kutikisika. Kila akigonga upande wa kulia, laptop inainama, akigonga kushoto inarudi.

"Hii meza," Breki akasema.

"Meza ya Bibi imezeeka," Bisibisi akaongeza. "Mguu huu umeliwa na mchwa."

"Siyo mguu, ni fundi seremala. Aliyeipiga misumari alikuwa amefumba macho."

Breki akakunja kipande cha boksi, akainama, akakisukuma chini ya mguu. Ilikuwa mara ya nne wiki hizo mbili. Chini ya mguu ule palikuwa na maboksi ya kutosha kufungashia viatu.

 Meza hii aliitengeneza marehemu mume wangu mwaka tuliopata mtoto wetu wa pili. Aliipima kwa kujaza kikombe maji mpaka mdomoni, akakiweka katikati, kisha akaigonga kwa ngumi. Nimeuzia kahawa juu yake zaidi ya miaka thelathini, na wiki mbili hizi nimesikia ikitukanwa na watu ninaowapenda. Nikajiambia labda kweli, vitu huzeeka, hata sisi.

Dakika kumi na tisa zilipita. Najua kwa sababu Taarifa alikuwa anazihesabu. Alikuwa amefika katikati ya habari ya mwizi wa mabomba, Karani yuko nyuma yake kwa neno moja tu, kioo kikawa cheusi.

 Karani alibaki na vidole hewani.

"Ilikuwa asilimia ngapi?" Taarifa akauliza.

"Hamsini na nane," Karani akasema.

"Hamsini na nane ikafa?"

"Msianze," Bisibisi akasema. "Hii meza inayumba. Mashine ikiyumba waya wa ndani unaachia. Ni mtetemo tu. Hata wewe ukitikiswa hivyo utazima. Breki, leta boksi lingine."

Breki akainuka kutafuta boksi. Hapo ndipo nilipoweka birika chini.

"Breki mwanangu, kaa kwanza."

Nikaiinua ile laptop kwa mikono miwili, nikaipeleka kwenye ngazi ya saruji ya duka la kopi. Saruji ile ina unene wa mkono. Nikaiweka, nikaigusa pembeni kwa kidole kimoja. Ikazunguka polepole kama sahani iliyofunikwa juu ya yai.

"Na saruji imezeeka?" nikauliza.

Taarifa akaangua kicheko, kisha akakificha kwenye kikombe.

Bisibisi akaja, akachuchumaa, akaigusa. Ikacheza. Akaigeuza chali. Tumbo la laptop lilikuwa limetuna katikati, na pale lilipotuna plastiki ilikuwa imeachana na ukingo, unaweza kupitisha ukucha. Nikamwona uso unambadilika. Akatoa bisibisi mfukoni, akafungua skrubu moja moja bila neno, jambo ambalo halijawahi kutokea kwenye benchi hili. Kifuniko kiliruka chenyewe. Betri ilikuwa imevimba kama mto wa kulalia mtoto mchanga.

"Msisogee," akasema. "Asiwepo wa kuigusa wala kuitoboa. Hii inaweza kuwaka."

Akaitoa taratibu kwa vidole viwili, akaiweka kwenye ndoo ya mchanga aliyoifuata kibandani, akaipeleka nyuma ya jengo, mbali na watu. Aliporudi alikuwa anafuta mikono kwenye suruali, ingawa haikuwa na uchafu.

"Mzaha wa kiwanda huo?" Taarifa akamuuliza. "Maana mimi nalinda magunia, sijui haya mambo."

"Nyamaza kwanza."

"Wiki mbili unatukana meza."

"Betri ya aina hii naweza kuiagiza," Bisibisi akamwambia Karani, bila kumtazama usoni. "Inachukua siku nne kufika."

"Onyo lilitoka wiki mbili zilizopita," Karani akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo na haikuwa na hasira, nadhani ndiyo sababu iliuma. "Nilikuja siku ile ile. Nikakuuliza. Ukasema nirudi nikachape."

 Karani akaanza kukusanya skrubu, akaziweka kwenye kikombe kitupu, moja baada ya nyingine, kama mtu anayeokota maneno manne ya mwaka jana.

Bisibisi akaondoka. Breki akasema, "Anakimbia huyo." Lakini hakukimbia. Alirudi amebeba kitu kimefungwa kwenye taulo la kuogea. Sote tunalijua taulo lile. Ndani yake kuna laptop yake mwenyewe, ambayo hajawahi kumruhusu mtu aiguse, hata mkewe, ambaye anasema yeye mwenyewe hajawahi kufunikwa taulo zuri kama lile.

"Nenda na hii," akasema. "Zoea vitufe vyake sasa hivi, una kama saa mbili. Herufi ya R ni ngumu kidogo, igonge kwa nguvu."

"Na yako itanifikisha?"

"Itakufikisha."

"Umejuaje?" Taarifa akauliza. "Ndilo swali alilokuuliza asubuhi, ukamjibu vile vile."

Karani hakungoja jibu. Siku ile alikuwa ameshajifunza. Akafungua sehemu ya kuonyesha hali ya betri, akasoma kwa sauti, taratibu, kama anasomea mahakama.

"Afya ya betri, asilimia tisini na tisa. Betri imebadilishwa mwezi uliopita."

Breki akainama mbele. "Soma tena hapo kwenye mwezi."

"Mwezi uliopita."

"Fundi," Breki akasema, "wewe ulibadilisha betri?"

Bisibisi alikuwa anakunja taulo. Akalikunja mara mbili, akalikunjua, akalikunja tena.

"Ilikuwa inaniambia," akasema.

"Nani alikuwa anakuambia?"

"Onyo."

"Lile la muuza betri aliyejificha?"

"Breki, nitakumwagia hii kahawa."

Walimcheka mpaka mwenye duka la kopi akatoka kutazama. Mimi sikumcheka sana. Nilikuwa nimeiona mikono yake alipoikabidhi ile laptop, ilivyochelewa kuiachia. Mtu anaweza kuwa mjinga asubuhi nzima, kisha akafanya jambo moja la maana saa tano.

Saa saba Karani akajiandaa kuondoka. Breki akaruka, akafungua mlango wa teksi yake, akafuta kiti kwa mkono wa shati.

"Twende nikupeleke, dada yangu. Bure. Leo usitembee."

Karani akasogea, akainama kuingia. Akasimama. Alikuwa anatazama dashibodi, pale kwenye selotepu nyeusi. Akamtazama Breki. Akaitazama tena selotepu.

"Ahsante sana, kaka," akasema. "Nina muda. Nitatembea."

"Kwa ajili ya taa? Gari hili halijanizimikia hata siku moja."

"Hata ile yangu ilikuwa haijanizimikia."

Akaondoka na laptop kifuani, akikwepa jua chini ya vibaraza. Breki akabaki ameshika mlango uliofunguliwa. Akasema watu hawana shukrani. Akasema atawaonyesha. Akafungua boneti kwa hasira, ili wote tuone namna injini yake ilivyo nzima, na tangu hapo hakurudi kwenye kiti chake.

Mimi nilipata nafasi. Nikainama, mgongo ukilalamika, nikayatoa maboksi yote chini ya mguu wa meza. Nikajaza kikombe kahawa mpaka mdomoni, nikakiweka katikati, nikaigonga meza kwa ngumi. Halikumwagika tone.

Karani alirudi saa kumi na moja kasoro. Tulimjua kwa mwendo kabla hajafika. Akaiweka laptop mbele ya Bisibisi kwa mikono miwili.

"Imebaki asilimia arobaini na sita. Wanne walizimikiwa katikati, wakatoka wanalia." Akavuta kiti, akakaa. "Wamesahihisha pale pale. Nimeambiwa nirudi Jumatatu na vyeti halisi."

Taarifa, ambaye angepaswa kuwa amelala tangu saa sita, alisimama akampa mkono. Bisibisi aliuliza R ilikuwaje, Karani akasema ilikuwa ngumu, Bisibisi akasema alimwambia. Nikammiminia Karani kikombe, na macho yangu nikayaelekeza kwenye birika mpaka yakatulia.

Breki naye akaja, mafuta yamemfika kwenye viwiko, dumu tupu mkononi.

"Hongera, dada. Bibi, naomba maji tena."

"Dumu la tatu hilo tangu saa saba," nikasema, nikamjazia.

Karani akamtazama akiyamimina kwenye rejeta ya kupozea injini, dumu zima, na chini ya gari pakiwa pakavu kabisa.

"Maji yote hayo yanakwenda wapi?" akauliza.

Bisibisi hakuinua kichwa kwenye taulo lake.

"Kwenye mzaha wa kiwanda," akasema.