Kofia Arobaini na Moja za Zahanati

Jumanne, 1 Julai 1975
Bwana kodi kaja kibandani kwangu sokoni, ninapouza masweta ya kufuma. Nilipe shilingi mia na ishirini kabla ya Jumamosi kwisha, la sivyo leseni anaichukua. Rozina wa kibanda cha pili anacheka. Yeye kapunguziwa kodi, maana aliishonea zahanati mapazia manne ya sadaka na stakabadhi za kitambaa anazo. Manne! Mimi nimewafumia vichanga wa zahanati hiyohiyo kofia arobaini na moja, huku namnyonyesha mwanangu Atusaye. Nimepona!

Jumatano, 2 Julai
Sijapona. Bwana kodi anataka gharama ya nyuzi, siyo jasho langu. Na nyuzi nilizipata kwa kufumua masweta makuukuu! Nikamwomba Uledi, mwenye duka la nyuzi, aniandikie stakabadhi. Akasema shemeji, nyuzi hajaziona tangu mwaka jana, aandike kaniuzia upepo?

Alhamisi, 3 Julai
Akili imekuja. Uzito wa kofia ndio uzito wa nyuzi! Nikaazima mizani ya Uledi, mbio zahanati kuzipima kofia. Zote zimo vichwani. Nikavua moja. Kichanga mwenyewe akanitazama, akapiga yowe, foleni nzima ikaitikia. Bibi yake akaniuliza, mwanangu, kwenu sadaka huwa inarudi kuvuliwa? Na baridi hii! Nikairudisha, nikamfunga kamba vizuri kidevuni. Kofia hazivuliwi. Lakini leseni haiendi.

Ijumaa, 4 Julai
Sweta moja hutoa kofia sita. Kwa hiyo masweta saba. Jipya ni shilingi arobaini. Nimeiandika hesabu daftarini, mistari nimepiga kwa rula. Mia mbili na themanini! Bwana kodi ndiye atanilipa mimi. Mume wangu, Mwalimu Andwele, kaingia anatetemeka, anauliza sweta lake la kijivu liko wapi. Nimemwambia limo kwenye hesabu.

Jumamosi, 5 Julai
Bwana kodi kalisoma daftari lote, hata mwandiko kausifu. Kisha akauliza masweta alinunua nani. Nikasema kweli: mume wangu na baba mkwe. Basi sadaka ni ya kwao, akasema, wewe mama ni fundi tu. Rozina hoi kwa kicheko. Sikuondoka. Nimesimama palepale na mtoto mgongoni mpaka akaniongezea siku, hadi mwisho wa mwezi.

Jumapili, 6 Julai
Andwele kaniuliza kwa upole, mama Atusaye, umejifunza? Nikasema sana. Kwanza ulizia mali ni ya nani! Blanketi letu la kufumwa, kwa mfano, mama yake alinipa mimi siku ya harusi. Mimi, mbele ya mashahidi! Nimeshalifumua; litatoa kofia kumi na nne, sadaka yangu mwenyewe. Andwele bado analitafuta.