Pombe ya Zambarau Inayotuharibia Ndimi

Shinyalu, Kakamega
Februari 1965

Kwa Chifu wetu,

Nakuamkia kwa heshima. Mimi ni Lazarus Mukhwana, mzee wa kanisa, na baada ya Jumapili ijayo huenda nisiwe tena. Sababu ni pombe ya jirani yangu Risper. Zamani alipika busaa ya kawaida, ya mahindi na wimbi. Tangu tupate Uhuru anatia zambarau na maganda ya limau, nasi tunazunguka chungu kimoja, kila mtu na mrija wake mrefu, tunaangamia.

1. Rangi. Ni nyeusi kama udongo wa msitu wa Isecheno, na inapaka ulimi. Busaa ya zamani ilikuwa na adabu: ukitafuna majani ya mpera, harufu imekwisha. Hii unaenda nayo mpaka kanisani. Mchungaji Joash ametangaza kwamba kila anayetaka meza ya Bwana atatoa ulimi mlangoni. Hata wazee. Hasa wazee, alisema, akinitazama.

2. Ladha. Limau linakupiga kofi kwanza. Kabla hujalalamika, zambarau linakubembeleza, halafu linakukaza ulimi. Mwisho wimbi lililokaangwa linakusindikiza na moshi wake hadi nyumbani. Pombe iwe kitu kimoja, Chifu. Hii ni ukoo mzima, na kila shangazi ana neno lake.

3. Kimya. Zamani tukinywa tuligombania mipaka ya mashamba. Siku hizi watu wanafumba macho tu, wanaonja. Kesi za mipaka zikiisha, wewe utasikiliza nini?

4. Dawa. Mke wangu Jescah aliniambia, "Baba Nabwire, si usugue na limau?" Nikasugua, ulimi ukatakata. Lakini sasa nanuka limau, yaani nusu ya pombe yenyewe. Khisa, mnywaji mwenzangu, ananiita Mzee Ndimu mbele ya watu sokoni. Hapa kijijini imeshajulikana: mwenye ulimi safi ndiye aliyekunywa zaidi.

Kwa hiyo naomba, kabla ya Jumapili, mizambarau yote ya lokesheni yako ikatwe, milimau iwekewe askari, na Risper aamriwe kurudia busaa isiyo na maoni. Mkoloni alitukataza pombe, lakini hakuwahi kututegea mtego mtamu namna hii.

Nisalimie mama watoto, karani wako, na askari wote, hata yule mnene.

Ni mimi niliye hatarini,
Lazarus Mukhwana

Nyongeza: Mchungaji Joash amepita hapa sasa hivi. Kamati ya kanisa imeamua kwamba mkaguzi wa ndimi pale mlangoni niwe mimi. Mkaguzi naye hakaguliwi na mtu. Tafadhali ichane barua hii, mizambarau iachwe kama Mungu alivyoipanda, na ukipita kwa Risper mwambie maganda ya limau asipunguze.