Madirisha Manne, Usawa Mmoja

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Waraka umefika! Halmashauri inataka "usawa katika madirisha yote ya huduma" kabla ya Ijumaa, na siku hiyo hiyo mkurugenzi atamteua Msimamizi wa Usawa. Ofisi ya peke yake! Miaka kumi na moja nimekaa dirisha namba mbili nikikoholewa usoni na wateja. Cheo hiki ni changu. Mpinzani ni mmoja tu: Bi Mhuri wa dirisha namba nne, anayetunza mihuri ya leseni na kuchekacheka na kila anayekuja. Waraka una kurasa mbili. Nimesoma wa kwanza, nikaelewa yote.

Jumanne, tarehe 4

Nimepima madirisha kwa futi. La kwanza, la pili, la tatu: sawa. La nne liko chini, karibu na magoti yangu! Ubaguzi mchana kweupe, na hakuna aliyeuona ila mimi. Nimempigia shemeji, kaka wa mke wangu, seremala. Akauliza kama nina hakika, maana aliyelishusha zamani ni yeye, kwa sababu aliyoisahau. Nikamwambia shemeji, wewe piga randa, mambo ya sera niachie mimi.

Jumatano, tarehe 5

Limepanda! Shemeji kaweka pima maji kwenye kaunta, kitone cha hewa kikatulia katikati kabisa. Nusura nilie. Nimepiga picha. Bi Mhuri aliporudi kutoka kula akaniuliza kama nimesoma ukurasa wa pili. Wivu tu huo. Akapanda ghorofani kwa mkurugenzi, bila shaka kunichongea.

Saa tisa nikasikia mtu anabisha hodi namba nne. Sioni mtu. Hodi tena. Nikachungulia chini: fundi simu, kwenye kiti chake cha magurudumu, ameinua fomu juu kama anasimamisha basi. Leseni ya kibanda chake inaisha Ijumaa. Bila mhuri, kibanda kinafungwa. Nikamweleza kwa upole kwamba sasa yuko sawa na wenzake. Akasema alipokuwa hayuko sawa, alikuwa anahudumiwa. Watu wengine hawana shukrani! Nikamwambia aje kesho.

Alhamisi, tarehe 6

Fundi simu karudi. Nilikuwa nimejiandaa: nikamwegeshea ngazi ya shemeji. Akaitazama ngazi, akanitazama mimi, akaniuliza kama usiku nilipata usingizi. Bi Mhuri akakusanya mihuri yote na wino wake, akatoka, akakaa kwenye vidato vya mlangoni, kando ya mteremko wa magurudumu, na kumgongea fundi simu mhuri pale pale. Akafuata mama mwenye mapacha mgongoni na kifuani. Kisha babu asiyeona vizuri, akasomewa fomu neno kwa neno. Foleni nzima ikahamia nje! Ndani tukabaki mimi, shemeji na pima maji.

Na nani akapita wakati huo? Mkurugenzi. Nikamkimbilia na picha yangu. Hakuiangalia.

Ijumaa, tarehe 7

Bi Mhuri! Kapewa Bi Mhuri! Mkurugenzi kanisomea ukurasa wa pili mbele ya wote: watu wanatofautiana, kwa hiyo kila mmoja afikiwe na huduma kwa namna inayomfaa. Dirisha namba nne lirudi chini kabla ya Jumatatu. Nimeumia, sikufichi, ewe daftari. Mke wangu kasema huenda nilichanganya maana ya neno. Lazima aseme hivyo, hajawahi kukaa dirishani.

Jumamosi, tarehe 8

Nimeamka na jibu! Kosa langu lilikuwa dogo mno: nilipandisha moja badala ya kushusha matatu. Shemeji yuko ofisini tangu saa mbili, anakata. Kuanzia Jumatatu hakuna cha anayetembea wala cha mwenye magurudumu, hakuna cha mkurugenzi wala fundi simu. Madirisha yote yatakuwa magotini. Bi Mhuri akija kuniomba radhi, atakuwa ameshapiga magoti.